Mguu Uliovimba Baada ya Kikohozi

Mtu anaugua korona, anakohoa wiki mbili, homa inashuka, anarudi kazini. Siku kumi baadaye shavu la mguu wa kushoto linavimba na kuuma. Anadhani amejigonga kwenye pikipiki, anapaka dawa ya kuchua, anaendelea na shughuli. Asubuhi ya pili anapanda ngazi za mtaa wa Nyamirambo, Kigali, kifua kinambana ghafla, anakaa chini na hanyanyuki tena. Msibani zinazuka kambi mbili. Moja inasema korona ndiyo iliyomuua. Nyingine inacheka: korona alishapona, cheti cha kipimo kipo, huyu kauawa na mguu.

Mtu huyu nimembuni, ila njia iliyomfikisha kaburini ni ya kweli na imeandikwa katika mafaili ya hospitali nyingi duniani. Kambi ya pili ina haki kuhusu cheti. Kipimo cha puani kinaeleza kama kirusi kimo puani, basi. Hakina habari na kilichoachwa ndani ya mishipa ya damu.

Hapa Kigali korona tuliijua kwanza kama ugonjwa wa kifua na joto. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 14 Machi 2020, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tumeshaamriwa guma mu rugo, kila mtu nyumbani kwake. Tuliporuhusiwa kutoka, hakuna mlango tulioingia bila kukanyaga kandagira ukarabe, kile chombo cha kunawia mikono, na kuelekezewa kipimajoto usoni kama bastola. Mwezi Mei yakaja maroboti matano, yenye majina mazuri ya Kinyarwanda kama Akazuba na Urumuri, na kituo cha matibabu cha Kanyinya kikatumia baadhi yake kupima joto na kupunguza safari za wauguzi kwenye vitanda vya wagonjwa. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Siyabezi, yalifanya kazi yake. Lakini wakati sote tulikuwa tukihesabu joto, wachunguzi wa maiti huko Ulaya walikuwa wameshaanza kuona kitu ambacho kipimajoto hakikioni.

Ili tukielewe, tuanze na ukuta. Ndani ya kila mshipa wa damu, uwe mnene kama kidole gumba au mwembamba kuliko unywele, kuna tabaka moja tu la seli zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama vigae. Wataalamu wanaliita endotheli. Kwa muda mrefu wengi wetu tuliudhania mshipa kuwa bomba tu, na damu kuwa maji yanayopita. Kumbe tabaka lile lina kazi usiku na mchana. Linatoa gesi kidogo ya oksidi ya nitriki inayoulegeza mshipa, linatoa kemikali za kuzifukuza chembe sahani, yaani vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha, na linaweka juu yake utelezi unaoizuia damu kuganda mahali isipotakiwa. Wakati huohuo limeficha ndani ya seli zake akiba ya gundi, kwa ajili ya siku mshipa utakapokatika.

Anayetaka kuiona kazi hiyo kwa macho ashuke Kimisagara msimu wa mvua, autazame mfereji wa Mpazi unaoteremsha maji kutoka vilimani hadi Nyabugogo. Palipojengewa kwa mawe na saruji, maji yanapita kwa kasi, machafu yalivyo, na hayana ubaya na mtu. Palipobomoka, jiwe moja lililochomoza linadaka gunia, gunia linadaka tawi, tawi linadaka matope. (Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu 2008, ila magunia na matawi hayajasikia sheria.) Baada ya saa moja maji yako barabarani. Ukitaka kujua kosa lilianzia wapi, usiyachunguze maji, chunguza ule ukuta.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza jambo hilo katikati ya miaka ya 1850, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanakariri mambo matatu yanayohusishwa na jina lake: mtiririko wa damu kuzorota, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na haraka ya kuganda. Kwa kawaida moja kati ya hayo linatosha kumletea mtu matatizo. Mjamzito ana la tatu, aliyevunjika paja na kulazwa mwezi mzima ana la kwanza na la pili. Mgonjwa mahututi wa korona anayo yote matatu kwa mpigo.

Kirusi cha korona kinaingia kwenye seli kupitia kipokezi kinachoitwa ACE2. Kipokezi hicho hakikuwekwa pale kwa ajili ya kirusi. Kina kazi yake ya kuivunja angiotensini ya pili, homoni inayobana mishipa na kuchochea uvimbe. Kirusi kikishakitumia kama mlango, vipokezi vinapungua, na ile homoni inabaki bila wa kuitawala. Haya yanatokea kwanza kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, mahali ambapo ukuta wa hewa na ukuta wa kishipa cha damu vimebanana kiasi kwamba oksijeni inapenya kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa sehemu ndogo ya sekunde. Majirani wa karibu namna hiyo, mmoja akiwaka moto mwingine hasalimiki.

Je, kirusi kinaziingia seli za mshipa zenyewe? Mwezi Aprili 2020 timu ya hospitali ya chuo kikuu cha Zürich ilichapisha katika jarida la Lancet picha za hadubini ikisema imeviona virusi ndani ya endotheli. Wengine wakajibu kwamba vilivyoonekana huenda ni viungo vya kawaida vya seli, na kwamba seli hizo zina ACE2 kidogo sana. Ubishi uliendelea miaka. Mimi naona una faida zaidi maabarani kuliko wodini. Paa lako likiungua kwa moto wako au kwa moto wa jirani, utalala nje vilevile.

Kinachofuata ndicho kiini cha ugonjwa. Endotheli iliyojeruhiwa inamwaga akiba yake ya gundi, protini ndefu inayoitwa kwa jina la daktari Mfini, Erik von Willebrand. Gundi hiyo inajinyoosha kama nyuzi kando ya ukuta, na chembe sahani zinanasa humo. Chini ya seli zilizong'oka kunafichuka protini nyingine inayowasha mnyororo wa kugandisha: kimeng'enya kinaamsha kimeng'enya, hadi protini iliyoyeyuka katika damu inageuka kuwa nyuzi ngumu za fibrini. Ini nalo, likisikia kuna vita, linaongeza uzalishaji wa malighafi ya nyuzi hizo. Kisha wanakuja askari, yaani chembe nyeupe za aina ya neutrofili, ambazo zina desturi ya ajabu: zikizidiwa zinajipasua na kutema DNA yao nje kama nyavu. Umewahi kuwaona wavuvi wa visamaki vya sambaza Ziwa Kivu, usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na nyavu zinashushwa katikati chini ya taa? Nyavu za neutrofili zinatupwa hivyo ili kuwanasa vijidudu. Shida ni kwamba hazichagui. Zinanasa chembe nyekundu, chembe sahani na fibrini pia, na vishipa vya mapafu vina upenyo ambao hata chembe nyekundu moja inapita kwa kujikunja.

Mwili haukai kimya. Una kimeng'enya chake cha kuzikata nyuzi za fibrini, na makapi ya ukataji huo yanaelea katika damu. Kipimo cha D-dimer ambacho wengi walikisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2020 kinahesabu makapi hayo. Kikiwa juu kinasema kuna mahali mabonge yanatengenezwa na kuvunjwa. Hakisemi ni wapi, na kinapanda pia kwa mimba, kwa upasuaji, kwa maambukizi mengine na kwa uzee. Ndiyo maana kikiwa chini kinampa daktari utulivu mwingi kuliko jibu kinalompa kikiwa juu.

Dalili ya kwanza kwamba jambo hili ni kubwa ilitoka Wuhan. Mwezi Februari 2020 madaktari wa huko walichapisha takwimu za wagonjwa 183. Kati ya waliokufa, asilimia 71 walikuwa wametimiza vigezo vya mfumo wa kuganda damu kuvurugika mwili mzima. Kati ya walionusurika hata asilimia moja haikufika. Kutoka Uholanzi zikaja habari za wagonjwa 184 katika vyumba vya mahututi vya hospitali tatu: asilimia 31 walipata matatizo ya kuganda damu, mengi yakiwa mabonge mapafuni, na hao wote walikuwa tayari wanachomwa dawa ya kinga. Halafu mwezi Mei kundi la wachunguzi likaweka mezani mapafu saba ya waliokufa kwa korona na saba ya waliokufa kwa homa ya mafua. Yote yalikuwa yameharibika. Lakini katika mapafu ya korona, mabonge madogo ndani ya vishipa yalikuwa mara tisa ya yale ya mafua. Mapafu saba ni machache, nakiri, ila tofauti ya mara tisa haihitaji miwani.

Hapo ndipo wengi walipoanza kuelewa mgonjwa yule wa kushangaza, anayezungumza kwa simu, anacheka, ilhali kifaa cha kidoleni kinaonyesha oksijeni ambayo mtu mwingine angekuwa amezimia nayo. Hewa ilikuwa inaingia kifuani vizuri. Damu ndiyo iliyokuwa haifiki pale hewa ilipo, au inapitishwa penye vifuko visivyo na hewa. Mabonge si sababu pekee ya hali hiyo, lakini yana fungu lake.

Na hapa Kigali inaingia katika habari hii kwa mlango wake yenyewe, mlango ambao Wanyarwanda wengi hawaujui.

Mwaka 2016, miaka minne kabla ya korona, Elisabeth Riviello wa Boston pamoja na Willy Kiviri, Theogene Twagirumugabe na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika CHUK, hospitali ya rufaa na mafunzo ya Kigali. Swali lao lilikuwa rahisi: je, ugonjwa wa mapafu kushindwa ghafla, ule unaoua watu wengi katika vyumba vya mahututi, upo hapa? Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 2012, ziitwazo kanuni za Berlin, jibu lilikuwa haupo kabisa. Kanuni hizo zilidai mashine ya kupumulia, damu ya ateri ipimwe gesi, na picha ya kifua. Asiyekuwa na vitu hivyo hawezi hata kuhesabiwa kuwa mgonjwa. Basi wakabadilisha vipimo. Badala ya gesi za damu, kifaa cha kidoleni. Badala ya picha ya eksirei, altrasaundi ya kitandani inaweza kutosha. Sharti la mashine likafutwa. Wakawapitia wagonjwa 1,046 waliolazwa, wakapata 42 wenye ugonjwa huo. Nusu yao walikufa, na chini ya theluthi moja tu ndio waliobahatika kufika chumba cha mahututi. Kwa kanuni za Berlin, wote 42 hawakuwepo.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwenye kiganja. Chukua kiwango cha oksijeni cha kidoleni, ukigawe kwa kiasi cha oksijeni anachovuta mgonjwa. Anayevuta hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, akiwa na 92 kidoleni: 92 kwa 0.21 ni kama 438. Anayevuta oksijeni ya asilimia 40 kwa barakoa akiwa na 90: 90 kwa 0.40 ni 225. Mstari umechorwa kwenye 315, na aliye chini yake mapafu yake yako hatarini. Madaktari wa dunia wanaziita kanuni hizo kwa jina la jiji letu, na mwaka 2023 kanuni mpya za kimataifa zilipotangazwa, kifaa cha kidoleni na altrasaundi vilikuwa vimekubaliwa ndani yake. Mambo mengi yamepewa jina la Kigali kwa huzuni. Hili limepewa kwa akili.

Tahadhari moja kwa aliye na kifaa hicho nyumbani: jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Kusoma 95 hapa kusimtie mtu hofu ambayo kungemtia pwani. Kinachotisha ni namba inayoteremka siku hadi siku, au inayoporomoka ukitembea hatua chache.

Turudi kwenye mguu. Bonge la vena ya ndani ya paja likikatika kipande, linapanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na moyo bila kujua unalisukuma mapafuni. Likiwa kubwa linaziba njia kuu na mtu anaanguka. Kipimo kinachotegemewa kwa bonge la mapafuni ni CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na hicho ni cha hospitali kubwa, kinataka fedha, umeme na mtaalamu wa kuisoma picha. Lakini paja halihitaji hayo yote. Mgonjwa analala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, goti limegeuzwa nje. Jeli baridi inapakwa kinenani, kifaa cha altrasaundi kinawekwa juu yake. Kwenye kioo yanatokea maduara mawili meusi yaliyokaa bega kwa bega: moja linadunda, hilo ni ateri, jingine limetulia, hilo ni vena. Daktari anakandamiza kifaa kwa mkono usiotetereka. Ateri inabaki duara. Vena yenye afya inalala bapa kama tyubu ya baiskeli isiyo na upepo, kuta zake zinagusana, inapotea kiooni. Akiachia, inarudi. Ikikataa kulala, ndani mna kitu. Anahamia nyuma ya goti, anarudia. Kwa dakika chache amepata jibu la kuanzia dawa, kwa mashine ileile aliyotazamia mapafu.

Kwa nini basi tunachelewa kulitafuta bonge? Sababu moja ni fedha na uhaba, nisijifanye siijui. Nyingine ni ya kihistoria na inauma zaidi. Kwa miongo kadhaa vitabu viliandika kwamba Mwafrika hapati ugonjwa huu. Mmoja wa waliolieneza wazo hilo ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini, mtu mashuhuri kwa ugunduzi wake wa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Mwaka 1972 aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba mabonge ya vena ni nadra Afrika, na akatoa sababu: mlo wenye makapi mengi, tumbo lisilokaza. Namheshimu Burkitt kwa mengi. Hapa alihesabu walioonekana, na wasiotafutwa hawaonekani. Ni kosa lilelile la kanuni za Berlin, limevaa kanzu nyingine. Eldoret, Kenya, walipofungua kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda katika hospitali ya Moi mwaka 2008, hawakukaa wakisubiri wagonjwa. Wagonjwa walikuwepo muda wote.

Kuhusu tiba, mantiki ya haraka ilikuwa: kama damu inaganda, iyeyushwe. Watu wakaanza kumeza aspirini nyumbani pamoja na tangawizi na limau. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY liliwapa aspirini nusu ya wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa, na vifo havikupungua. Heparini, sindano inayochomwa tumboni chini ya ngozi, ilileta jibu gumu zaidi. Matokeo ya majaribio yaliyounganishwa, yaliyochapishwa Agosti 2021, yalionyesha kwamba dozi kubwa ya matibabu iliwasaidia waliolazwa wakiwa na hali ya wastani, lakini waliokwisha kufika chumba cha mahututi haikuwasaidia, na hatari ya kutokwa damu ilibaki juu yao. Nikirudi Mpazi: ukiwahi kuondoa gunia, mfereji unapitisha maji. Ukifika wakati ukuta umebomoka mtaa mzima, koleo lako linaongeza matope tu. Dawa iliyowaokoa waliokuwa kwenye oksijeni na mashine ilikuwa deksamethasoni, ya bei ndogo na ya miaka mingi, ambayo haiyeyushi bonge lolote. Inatuliza moto wa uvimbe unaouchoma ukuta. Katika jaribio hilohilo la RECOVERY ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Siwezi kulikwepa suala la chanjo, kwa sababu ndilo lililoyafanya maneno bonge la damu yafike hadi sokoni. Rwanda ilianza kampeni kubwa ya kuchanja tarehe 5 Machi 2021, kwa chanjo za AstraZeneca na Pfizer zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Siku chache baadaye nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha AstraZeneca baada ya kuonekana mabonge ya ajabu, hasa kwenye vena za ubongo, kwa watu ambao wakati huohuo chembe sahani zao zilikuwa zimepungua. Kongo, iliyokwisha kupokea dozi milioni 1.7, ikaahirisha hadi tarehe 19 Aprili, na dozi nyingi ikalazimika kuzitoa kwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda ni miji inayotazamana kiasi cha kusikia muziki wa upande wa pili; kwa wiki kadhaa upande mmoja walikuwa wanachanjwa kwa kile ambacho upande mwingine waliogopa kukifungua.

Hatari ile ilikuwa ya kweli. Mwili wa wachache ulitengeneza kingamwili dhidi ya protini ya chembe sahani iitwayo PF4, na kingamwili hizo zikaziamsha chembe sahani zigande bila jeraha. Waliosema ni uzushi walikosea. Waliosema basi heri kuugua walikosea zaidi, na hesabu iko wazi. Watafiti wa Oxford walichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 29 waliochanjwa Uingereza. Kwa kila watu milioni 10, katika siku 28, dozi ya kwanza ya AstraZeneca iliongeza wagonjwa 66 waliolazwa au kufa kwa mabonge ya vena. Maambukizi ya korona yenyewe, kwa idadi hiyohiyo ya watu na siku hizohizo, yaliongeza 12,614.

Linabaki swali la kambi mbili za msibani: athari hii inadumu muda gani? Jibu bora ninalolijua limetoka Uswidi, nchi ambayo kumbukumbu za afya za kila raia zimeunganishwa. Waliugua zaidi ya milioni moja, wakalinganishwa na milioni nne na zaidi wasiougua, na matokeo yakachapishwa Aprili 2022. Hatari ya bonge la mguuni ilibaki juu hadi miezi mitatu, ya bonge la mapafuni hadi miezi sita. Katika mwezi wa kwanza, bonge la mapafuni liliwapata watu 17 kati ya kila 10,000 walioambukizwa. Kati ya wasioambukizwa halikufika hata mmoja. Waliougua sana walikuwa hatarini zaidi, lakini hata waliougulia nyumbani hatari yao ilipanda. Watu 17 kati ya 10,000 si idadi ya kumfanya mtu asilale usingizi. Ni idadi ya kumfanya daktari aulize swali moja la ziada.

Zaidi ya hapo tunaingia kwenye ukungu. Resia Pretorius wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na wenzake wanasema wameona vibonge vidogo sugu katika damu ya watu wenye korona ya muda mrefu, na kwamba huenda ndivyo vinavyowaletea uchovu usioisha. Wataalamu wengine hawajashawishika kwamba vibonge hivyo ndivyo chanzo. Wakati ubishi unaendelea, kuna kliniki Ulaya zilizotoza wagonjwa maelfu ya yuro kwa kuwaosha damu, tiba ambayo haijathibitishwa. Ukiona tangazo lake kwenye simu yako, lipite.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023, na Rwanda ikabaki na orodha ya vifo zaidi ya 1,400 vilivyothibitishwa. Walioanguka kwenye ngazi baada ya cheti kusema wamepona hawamo katika orodha hiyo. Kirusi bado kinazunguka, siku hizi kikipita kama mafua. Na wala si korona peke yake inayoharakisha damu kuganda: kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, upasuaji wa uzazi, mguu uliofungwa plasta baada ya ajali ya pikipiki na safari ya usiku kucha kwenye basi la Kampala vyote vinaongeza hatari, kila kimoja kwa kiasi chake.

Kwa hiyo ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto na unauma shavuni, usiuchue. Kuchua kunaweza kulikata bonge. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na uombe mguu upimwe kwa altrasaundi. Ukibanwa kifua ghafla, ukikosa pumzi bila sababu, ukikohoa damu, au upande mmoja wa uso au mkono ukilegea, usisubiri kesho: piga 912, simu ni ya bure. Na atakayekupokea mwambie mapema, kabla hajauliza, kama uliugua korona ndani ya miezi sita iliyopita, hata kama ulipona nyumbani kwa chai ya tangawizi.